Siku Nairobi Ilipotukataa Angani

Tulipomzika mama, jamaa walileta ndizi. Walizileta kwa mikungu, na siku wageni walipoondoka zilikuwa zimebaki nyingi kuliko tulivyoweza kula. Nyumba nzima ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo ganda limeingia madoadoa meusi na utamu umeanza kugeuka kileo. Dada zangu walifungua madirisha. Mimi nilikaa kwenye kiti chake, nikafumba macho, na sikujiona tena Nyamira wala msibani. Nilikuwa angani, mdogo, nimefungwa mkanda tumboni, na mama yuko kando yangu ameshika kikapu kwa mikono miwili.

Ni lazima nianze na moyo wangu, kwa sababu ndio uliotupeleka huko.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimezoea shule nilipopata homa iliyoingia kwenye magoti na viwiko. Homa ikapoa, lakini ikaacha kitu kifuani. Nikilala chali nilihisi kama mtu amenikalia, kwa hiyo nililala nimeegemea gunia la mahindi, na mama alilala sakafuni karibu na miguu yangu. Asubuhi miguu hiyo ilikuwa imevimba, na akinibonyeza kwa kidole, alama ya kidole ilibaki.

Hospitalini Kisii, daktari mgeni mwenye ndevu nyekundu aliniwekea kipimo chake cha baridi kifuani na kusikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamweleza muuguzi, na muuguzi akatueleza sisi. Moyo, alisema, una milango. Mmoja wa milango yangu umekakamaa na haufunguki vizuri. Kuna madaktari Nairobi wanaoweza kuufungua.

Maneno hayo niliyachukua kama yalivyosemwa. Jikoni kwetu tulikuwa na mlango ulioburuzika chini, na kila ulipoanza kulia, tata aliupaka mafuta kwenye bawaba. Tata ndiye baba yangu. Kwetu Gusii baba huitwa tata, na mama ndiye huitwa baba, jambo lililonitesa sana nilipoanza kusoma Kiswahili, maana mwalimu alipochora mwanamume ubaoni na kuandika "baba", nilidhani amekosea. Basi, kwa siku kadhaa, mama akienda shambani, nilichota samli kwenye kibuyu na kujipaka kifuani, nikisugua kwa bidii pale nilipohisi mlango ulipo. Mama alipogundua harufu aliniuliza, nami nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoka nje, akakaa huko kwa muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Daktari hakutaka tusafiri kwa basi. Barabara ya Nairobi enzi hizo ilikuwa safari ya mchana kutwa na usiku, na mvua ikinyesha watu walishuka kusukuma. Alisema moyo wangu huenda usifike. Lakini kulikuwa na ndege iliyotoka Kisumu. Tata akauza mtamba wake, akina mama wa kanisa wakachanga, na Sabato moja mchungaji akatuita mbele mimi na mama tukaombewa mbele ya watu wote, huku nikiwaza zaidi viatu vipya vilivyonibana.

Jambo lililonitia hofu halikuwa ndege, na wala si kisu cha daktari. Lilikuwa Nairobi yenyewe. Mdogo wake tata alikuwa ameenda huko kutafuta kazi, akakaa, akarudi na mkoba uleule alioondoka nao. Tangu siku hiyo kila aliyepita kwetu alitikisa kichwa na kusema, "Nairobi ilimkataa." Nami nikajua kwamba Nairobi ni kitu kinachotazama watu. Kinamtazama mtu juu hadi chini, kisha kinasema ndiyo au hapana.

Siku ya kuondoka, bibi yangu, tuliyemwita magokoro, alitusindikiza mpaka kwenye mashina ya chai ambayo tata alikuwa amepanda karibuni. Alimshika mama mkono.

"Mkikataliwa huko, msibembeleze," alisema. "Rudini. Hapa kwetu hakuna anayekataliwa."

"Hatutakataliwa," mama akajibu, lakini alijibu akitazama pembeni.

Gari la hospitali lilitufikisha Kisumu. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na begani alining'iniza kikapu kilichojaa ndizi mbivu. Pale uwanja wa ndege karani alitaka kukichukua akiweke pamoja na mizigo. Mama hakukiachilia. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, lakini aliyakusanya maneno aliyokuwa nayo: "Mimi nafika kwa watu mikono mitupu?" Karani alimwuliza ni watu gani anaowaendea. Mama alifikiri kidogo. Hatukuwa na mtu hata mmoja Nairobi. "Wale watatupokea," alisema. Karani akatuacha tupite na kikapu chetu.

Ndani ya ndege tulimkuta mtu tunayemfahamu, na furaha aliyoipata mama! Alikuwa Mzee Saidi, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, aliyetuuzia kitambaa cha sare yangu ya shule. Alikuwa amevaa kanzu na kofia yake ya kufuma, na Ekegusii alikisema vizuri kwa kuwa alikuwa amekisikia kwa wateja maisha yake yote. Alikaa ng'ambo ya kijia cha katikati, kwenye dirisha la upande wa pili. Aliniambia nisiogope, kwamba yeye mwenyewe hupanda ndege kila anapofuata mzigo, na kwamba kazi ya abiria ni kukaa tu.

Mhudumu wa ndege, dada mrembo aliyevaa buluu, alipita na sinia la peremende, akatuambia tumumunye ili masikio yasizibe. Mama aliichukua yake akaifunga kwenye ncha ya leso amletee magokoro. Ndege ikanguruma, ikakimbia, na ghafla mtikisiko wote ukaisha. Nilikuwa nimebanwa na dirisha. Niliona ziwa limelala kama bati jipya, kisha milima, kisha mawingu. Nilitafuta boma letu, nikamwuliza mama liko wapi, naye akanijibu kwa uhakika kabisa kwamba liko upande wa Mzee Saidi.

Muda ulipita, masikio yakaanza kuuma, nikajua tunashuka. Chini palikuwa na nyanda kavu ambazo sikuwahi kuona, hazina kilima wala mgomba. Kisha kitu kikagonga chini ya miguu yetu, na Mzee Saidi akasema ni magurudumu yanatolewa. Niliona kivuli cha ndege yetu kikikimbia kwenye nyasi. Mwanzoni kilikuwa kidogo kama mwewe. Kikakua. Kikawa kikubwa kama kanisa, nikaona maua ya manjano kando ya barabara ya ndege, nikaona michirizi ya magurudumu ya ndege nyingine kwenye lami. Mama alishaanza kujiweka sawa kitambaa, kama mtu aliyefika mlangoni pa wenyeji.

Ndipo injini zilipopiga kelele.

Siwezi kuieleza vinginevyo. Zilipiga kelele, na kiti kikanisukuma mgongoni, na pua ya ndege ikainuka kana kwamba imeshtuka. Maua ya manjano yakapotea. Mwanamke mmoja mbele alilia kwa sauti. Kikapu cha mama kilimponyoka, kikapinduka kwenye kijia, na ndizi zetu zikateleza moja baada ya nyingine kuelekea nyuma, zikipita viatu vya watu. Mama hakuziangalia. Alinitupia mkono wake kifuani na kunibana kwenye kiti, kana kwamba moyo wangu ndio utakaoanguka.

Tulipofika juu na kelele zikapungua, sauti ya mwanamume ikasikika, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mama akanigeukia. Mimi ndiye niliyesoma. Nilisikiliza kwa makini, nikashika neno moja: tumezuiwa. Tumezuiwa kutua kwa sasa, tukae na mikanda yetu.

Shuleni neno hilo tulikuwa tumefundishwa. Kuzuia ni kumkatalia mtu asipite.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Anasema Nairobi imetukataa."

Nilimwona mama akitazama mbele, taya limebana, na kidevu kikitetemeka kidogo sana. Niliwaza yule mdogo wake tata na mkoba wake. Niliwaza kwamba imetutazama juu hadi chini, ikaona viatu vyangu na miguu iliyovimba ndani yake, ikasema hapana. Sisi hata kushuka tulikuwa hatujashuka.

"Wamesema kwa nini?"

"Hawakusema."

Alivuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, ile aliyoitumia sokoni mtu alipotaka kumpunja: "Mwambie yule dada amwambie dereva arudi. Aombe tena. Aombe vizuri. Amwambie nina mtoto."

Mhudumu alikuwa amesimama sasa, anapita akishikilia viti, akimwangalia kila mtu. Nilikuwa naogopa watu wakubwa wenye Kiswahili kizuri, lakini mama alinisukuma kwa kiwiko. Nikasema haraka haraka, kabla ujasiri haujaisha:

"Baba anasema dereva arudi aombe tena vizuri. Baba ana mtoto."

Yule dada akachuchumaa. "Baba yako yuko wapi, mpenzi? Anakungoja uwanjani?"

Nikamwonyesha mama.

Alimtazama mama, akanitazama mimi, na nadhani alifikiri nimepagawa. Ndipo Mzee Saidi alipoangua kicheko kikubwa. "Dada, hapo ndipo utachanganyikiwa! Wakisii mama humwita baba. Huyu ndiye baba yake." Kisha akaniuliza nani kasema tumekataliwa. Nikamweleza. Kicheko kikamwisha, akamtafsiria mhudumu yote, pamoja na lile la mama kwamba ana mtoto.

Mhudumu hakucheka. Alimshika mama goti.

"Hakuna aliyetukataa, mama. Kuna ndege nyingine, ndogo, imeingia pale tunapotua. Imekosea njia. Rubani wetu ameiona, ndiyo maana akapanda juu, tusigongane. Wale wa mnarani wataitoa. Sisi tutazunguka, turudi, tutue."

Mzee Saidi alimwambia mama kwa Ekegusii, polepole. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ndogo ina watu ndani?" aliuliza.

"Ina watu."

"Basi tuwapishe kwanza."

Yule dada alicheka sasa, na akafuta jicho kwa kidole, kisha akaenda mbele akaingia kwa marubani. Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kuokota ndizi. Walizipitisha mkono kwa mkono kuelekea kwetu, wengine bado nyuso zao zimepauka. Mama alikataa kuzipokea. "Waambie wazile," alimwambia Mzee Saidi. "Mtu akishtuka anafaa kutia kitu tumboni." Mzee Saidi akatangaza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza chake cha dukani. Ndivyo tulivyoizunguka Nairobi, abiria wote wakimenya ndizi za kwetu. Mzungu mmoja mwenye tai alikula mbili. Yule mwanamke aliyelia alikula akiendelea kulia kidogo, kisha akaacha. Harufu ilijaa ndege nzima, tamu, nzito, kama stoo yetu wakati wa mvua. Nami nikaacha kuogopa, kwa sababu niliona si rahisi mahali penye harufu ile pawe pabaya.

Mara ya pili tulishuka taratibu. Sikutazama kivuli. Nilitazama mkono wa mama, ambao ulikuwa bado uko kifuani pangu, mpaka magurudumu yakagusa lami na watu wakapiga makofi. Tulipokuwa tukienda kusimama niliiona ile ndege ndogo, nyeupe na nyekundu, imewekwa kando kwenye nyasi. Mwenyewe alikuwa amesimama chini ya bawa lake, mikono yote miwili kichwani, kama mtu aliyefiwa.

Mlangoni rubani alikuwa akiwaaga watu. Alikuwa kijana wa Kiafrika, mrefu, na hilo peke yake lilinifanya nisimame nimtazame. Mhudumu alimnong'oneza, naye akainama.

"Mama," alisema, "je, mara ya pili niliomba vizuri?"

Mzee Saidi alipotafsiri, mama aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akakaa nao. Alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akamgeukia Mzee Saidi akasema, "Mkono wake ni wa baridi. Mwambie anywe uji." Akachukua zile ndizi chache zilizosalia kikapuni, akampa zote. Yule kijana alizipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyelelewa vizuri, na alipogeuka kuziweka niliona shati lake jeupe limelowa jasho na kugandamana na mgongo.

Kwa hiyo tulifika kwa wenyeji wetu mikono mitupu, nao wakatupokea.

Hospitali ilikuwa kubwa kuliko soko la Kisii. Siku ya kupasuliwa ilipofika walinivika gauni la kijani, wakanisukuma kwenye kitanda cha magurudumu hadi mlangoni kabisa, mama akitembea kando. Pale mlangoni muuguzi akanishika paji la uso, akaniwekea kipimo cha homa, akaita mwenzake. Wakanong'ona. Kitanda kikageuzwa. Nilikuwa na homa, na madaktari hawakutaka kujaribu.

Mama aliegemea ukuta wa ile korido. Uso wake ulikuwa uleule wa kwenye ndege, taya na kidevu. Hakukuwa na Mzee Saidi wa kutafsiri, lakini safari hii sikumhitaji.

"Hawakutukataa," nilimwambia. "Wanazunguka."

Alinitazama. "Nani amekuambia?"

"Mimi najua."

Akaukamata upande wa kitanda changu, akawasaidia kunisukuma kurudi wodini, na njia nzima alikuwa akiniangalia kana kwamba nimekua mbele yake.

Homa iliisha. Walinirudisha kwenye mlango ule, na mara hii ulifunguliwa. Nilipoamka kifua kiliuma kama kimekanyagwa na ng'ombe, na nilikuwa na kiu ambayo sijaipata tena maishani. Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo lilinichukua muda kulitambua. Palikuwa kimya. Nilikuwa nimezoea kuisikia pumzi yangu mwenyewe, ikivutwa na kusukumwa kama msumeno, usiku na mchana, na sasa ilikuwa inaingia na kutoka bila kuniarifu.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipojua yaliyobaki. Mzee Saidi alikuja kumwona tata juu ya jambo la shamba, wakakumbushana safari ile, naye akasema kitu ambacho hakuwa amekisema hata siku moja. Dirisha lake lilitazama upande wa ile ndege ndogo. Tulipoinuka ilikuwa chini yetu, karibu kiasi kwamba alimwona mtu ndani ameinua uso, na akaona kwamba amevaa miwani. Mzee alikuwa amemaliza shahada moyoni mwake kabla ndege yetu haijafika juu. Kisha akageuka, akasikia mtoto wa Kisii anamwambia mhudumu kwamba baba yake ana mtoto, akacheka. "Nilicheka kwa sababu nilikuwa hai," alimwambia tata. Tata akainuka akaenda kumkamatia jogoo.

Huwa nawafikiria wale watu. Yule rubani hakuwa na muda wa kujiuliza. Aliona, akaacha kutua, akapanda, na hakuona haya kurudi mbele ya watu wale wale na kuomba upya. Nimewahi kukaa kwenye kazi zangu na kwenye ndoa yangu nikidhani jambo limekwisha kwa kuwa halikukubali mara ya kwanza. Mama hakuwa na fikira hiyo kabisa. Kwake, kama hukukubaliwa, pengine hukuomba vizuri, au kuna mtu mwingine njiani wa kupishwa.

Tulirudi nyumbani kwa basi, polepole, tukilala njiani kwa watu wa kanisa. Magokoro alinivua blauzi uani mbele ya kila mtu, akalitazama kovu, akaliwekea sikio, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko yule daktari wa Kisii. Kisha akaenda kupika.

Kwa miezi nilikatazwa kubeba na kukimbia. Halafu asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku, mama alinipa mtungi mdogo akaniambia nimfuate binamu yangu Moraa mtoni. Tuliteka maji, tukaanza kupanda ule mlima mwekundu wenye utelezi. Moraa alikuwa akinisimulia habari za mwalimu mpya, nami nilikuwa nikicheka. Baada ya kitambo sikumsikia tena. Nikadhani amenyamaza. Nilipofika juu niligeuka, nikamwona yuko chini kwenye kona, mkono kiunoni, anahema, maji yanamwagikia shingoni.

"We!" aliniita kwa hasira. "Ningoje!"

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilitua mtungi kwenye nyasi, nikakaa kando yake, nikamngoja.